Mbegu Haijaota, Kipandikizi Kimekauka: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Katika Bustani za Maua Dodoma

Mtu anayeotesha maua Dodoma hupata hasara za aina mbili. Husia mbegu, akasubiri wiki mbili, na tuta likabaki tupu kama alivyolisawazisha siku ya kwanza. Au huchomeka kipandikizi cha bogenvilia alichopewa na jirani, kikakaa kibichi kwa siku chache, kisha kikakauka kuanzia nchani. Katika hali zote mbili lawama huwa zilezile: mbegu ilikuwa mbovu, udongo wetu hauna rutuba, au aliyepanda hana mkono wa kupanda. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikiotesha miche ya maua nyuma ya nyumba yangu hapa Ilazo nimefukua mbegu nyingi na kung'oa vipandikizi vingi vilivyokufa, vyangu na vya majirani, na nimeona kwamba sababu hizo tatu huwa za kweli mara chache. Mara nyingi mpandaji aliitunza mbegu kama kipandikizi, au alikitunza kipandikizi kama mbegu.

Mbegu ina akiba ya chakula ndani yake na ganda linaloilinda, wala haina jani la kupoteza maji. Inachodai ni unyevu usiokatika, kuanzia siku inapoanza kuvimba hadi siku mzizi wake unapoingia chini. Kipandikizi kiko katika hali iliyo kinyume kabisa, kwa kuwa kina majani yanayotoa maji hewani mchana kutwa, ilhali hakina hata mzizi mmoja wa kuyarudisha. Kwa hiyo mbegu huuawa zaidi na hali ya udongo wa juu, na kipandikizi huuawa zaidi na hali ya hewa inayokizunguka. Dodoma ina udongo wa juu unaokauka kwa saa chache, na ina hewa kavu yenye upepo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ndiyo maana tunapoteza kwa njia zote mbili.

Jambo la kwanza kufanya unapoona tatizo ni kufukua. Usiongeze maji, usiweke mbolea, wala usinunue dawa kabla hujaiona mbegu yenyewe au sehemu ya chini ya kipandikizi kwa macho yako.

Pakiti inasema panda majira ya kuchipua

Pakiti nyingi za mbegu za maua zinazofika katika maduka yetu ya pembejeo zimeandikiwa watu wa nchi za baridi, na maelekezo yake husema mbegu zipandwe katika majira ya kuchipua, hatari ya jalidi, yaani umande unaoganda kwa baridi, ikishapita. Uingereza majira hayo ni kuanzia Machi hadi Mei, wakati ambapo udongo uliopoa tangu Desemba unaanza kupata joto na siku zinarefuka. Dodoma haina jalidi ya kuogopa, na udongo wake una joto la kutosha kuotesha mbegu nyingi mwaka mzima. Kinachokosekana kwetu ni maji. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na mvua yake, ambayo kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600, hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Anayezifuata tarehe za pakiti anasia mwishoni mwa Machi, mvua zikijiandaa kuondoka, na miche yake inakua ikiingia kiangazi.

Ushauri wangu ni kuyasoma maneno hayo kana kwamba yameandikwa "mvua zinapoanza". Maua yanayopenda joto, kama vile zinia, marigoldi, kosmosi na vinka, yapandwe kwenye trei au viriba chini ya kivuli katikati ya Novemba, yakimwagiliwa kwa mkono, ili miche iwe na wiki nne au tano wakati ardhi imeshalowa vizuri. Vipandikizi vichukuliwe kati ya Desemba na Machi, hewa ikiwa na unyevu, lakini uwe tayari kwa kipindi ambacho mvua hukatika, hasa Februari, kwa kuwa kipandikizi kilichozoea mawingu hakivumilii siku kumi za jua kali bila kivuli. Maua machache yanayopenda ubaridi, kama pansi na antirinamu, yasubiri Mei hadi Julai, kwa sababu mbegu zake husita kuota udongo unapozidi nyuzi joto 25 hivi. Miezi mibaya kuliko yote kwa vipandikizi vyenye majani ni Septemba hadi mvua za kwanza: joto linapanda, upepo haupumziki, na hewa haina unyevu wa kuazima.

Wiki mbili zimepita na hakuna kilichochomoza

Kwanza hakikisha kwamba muda umepita kweli. Katika udongo wenye joto zinia na marigoldi huchomoza kati ya siku 4 na 7, petunia kati ya siku 7 na 14, na vinka huweza kuzidi hapo. Muda ukiwa umepita, chukua kijiti, fukua sehemu ndogo ulipokumbuka kuweka mbegu, na uangalie unachokikuta.

Ukikuta mbegu ipo, kavu na ngumu kama ilivyotoka kwenye pakiti, maji hayakuifikia, au yaliifikia yakakatika. Udongo wetu mwekundu wenye kichanga ukishakauka sana hukataa maji, hata ukimwaga debe zima yatatiririka pembeni huku sentimita mbili chini kukiwa na vumbi. Wengi humwagilia jioni tu, na hilo linatosha kwa mche mkubwa, lakini kwa mbegu halitoshi, kwa sababu saa sita mchana sehemu iliyolala imeshakauka. Mbegu iliyoanza kuvimba ikakauka mara nyingi haifufuki, hata kama kwa nje inaonekana nzima. Loweka udongo wa trei siku moja kabla ya kusia, funika kwa gunia lenye unyevu au nyasi kavu, nyunyiza asubuhi na alasiri kwa matone madogo, na uondoe kifuniko siku ileile chipukizi za kwanza zinapoonekana, wala usingoje ya pili.

Ukikuta mbegu imevimba, laini, na ukiiminya inatoa maji yenye harufu mbaya, imeoza kwa kukosa hewa. Hili hutokea zaidi kwenye makopo yasiyotobolewa chini, na kwa watu wanaochota udongo mweusi wa mbugani wakidhani weusi ni rutuba. Udongo huo hushika maji kama kinamo na ukikauka hupasuka. Kwa kusia tumia mchanganyiko mwepesi: sehemu mbili za udongo mwekundu uliochekechwa, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza hadi haina harufu, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa.

Ukikuta hakuna mbegu kabisa, imechukuliwa. Ndege na kuku hupenda alizeti za mapambo na zinia, sisimizi hubeba mbegu ndogo moja moja hadi zikaisha, na mvua ya kwanza ya Desemba, ambayo mara nyingi huja kwa kishindo, huzisomba zote hadi kwenye ukingo wa tuta. Ukiona mstari wa miche umejibana pembeni, mvua ndiyo iliyopanda upya kwa niaba yako. Dawa ya yote hayo ni kusia kwenye trei au viriba vilivyoinuliwa juu ya kichanja na kufunikwa kwa chandarua kikuukuu.

Hali ya nne ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa mbegu ilitimiza kazi yake. Unakuta imeota, ina mzizi, lakini kishina chake kimejikunja na kupauka chini ya ganda gumu la udongo. Udongo wa hapa hufanya ganda hilo kila mvua kubwa inapofuatwa na jua, na mche mdogo wa kosmosi hauna nguvu ya kulivunja. Usilivunje kwa vidole, kwa sababu utazikata shingo za chipukizi. Lilainishe kwa kulinyunyizia maji kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Unaposia tena, usifunike mbegu kwa udongo uleule, bali tumia mchanga au mboji iliyochekechwa, ambayo haigandi, kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu. Petunia usiifunike kabisa, kwani mbegu yake ni kama vumbi na inahitaji mwanga. Ibonyeze tu kwa kiganja. Vinka ni kinyume chake na huota vizuri gizani, kwa hiyo ifunike.

Mbegu zenye ganda gumu, kama za ipomea na nasturtiamu, huweza kukaa kwenye udongo wenye unyevu bila kuvimba. Zikwaruze kidogo kwa msasa au kwa kuzisugua kwenye sakafu ya saruji, kisha uziloweke usiku mmoja.

Iwapo umeyapitia hayo yote na bado unaishuku mbegu yenyewe, una haki ya kuishuku, lakini ipime. Panga mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, kikunje, kitie ndani ya mfuko wa plastiki na ukiweke mahali penye joto pasipo na jua. Baada ya siku 10 hesabu zilizoota. Zikiwa saba au nane, tatizo liko kwenye tuta lako. Zikiwa mbili au tatu, tatizo ni mbegu. Niliwahi kununua pakiti za marigoldi katika duka lililozitundika mlangoni, mahali jua la alasiri lilipozipiga kila siku, na katika 10 nilizopima ziliota mbili. Tangu hapo huomba pakiti zilizo ndani, huangalia tarehe, na nyumbani huzihifadhi kwenye kopo linaloziba vizuri, kwa sababu joto na unyevu ndivyo vinavyoizeesha mbegu.

Miche iliyokuwa wima jana leo imelala

Hapa watu huchanganya mambo mawili na kuyatibu kwa dawa moja. Ng'oa mche mmoja ulioanguka na uangalie shingo yake, pale shina linapokutana na udongo. Ikiwa imekonda kana kwamba imebanwa na uzi, ikawa na rangi ya kahawia na majimaji, huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaoletwa na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia. Huanzia sehemu moja na kupanuka kama duara, na hupenda trei iliyosiwa mbegu nyingi mno, inayomwagiliwa jioni na kulala ikiwa imelowa. Ikiwa shina limekatwa kama kwa wembe na mche umelala ukiwa bado na afya, hiyo ni kazi ya sota. Fukua sentimita chache kuuzunguka na utamkuta kiwavi wa rangi ya udongo aliyejikunja kama herufi C.

Mche ulioangushwa na kinyausi hauponi. Ondoa iliyolala pamoja na udongo wake, punguza iliyosongamana, mwagilia asubuhi tu, na uache uso wa udongo ukauke kidogo kati ya maji na maji. Msimu unaofuata mwagia mchanganyiko wa kusia maji yanayochemka, uuache upoe na kuchuja, ndipo usie. Kwa sota hakuna haja ya hayo yote. Zungushia kila mche pete ya karatasi ngumu iliyozama kidogo ardhini, na upite na tochi baada ya giza kuingia, kwa kuwa mdudu huyu hula usiku. Dawa ya wadudu haigusi kinyausi hata kidogo, na nimeona watu wakiimwaga wiki nzima huku trei ikiisha.

Miche imerefuka, ni myembamba na imeinama upande mmoja

Mwanga ni mdogo. Trei iliyowekwa chini ya mwembe mzito au ndani ya veranda huzaa miche ya namna hii. Isogeze penye mwanga mwingi wa asubuhi, na marigoldi ukiihamisha izamishe hadi karibu na majani ya kwanza, kwani shina lake hutoa mizizi mipya.

Miche ilikuwa mizuri, imekufa baada ya kuhamishwa

Mche uliolelewa kivulini una majani laini yasiyojua jua la Dodoma. Wiki moja kabla ya kuuhamisha uzoeshe: saa moja ya jua la asubuhi siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, hadi ushinde nje, huku ukipunguza maji kidogo. Hamisha saa kumi na moja jioni, mwagilia shimo kabla na baada ya kupanda, na uchomeke vitawi vyenye majani upande wa magharibi kwa siku nne au tano. Zinia, kosmosi na alizeti hazipendi kuguswa mizizi, kwa hiyo zisie moja kwa moja mahali zitakapokaa au kwenye viriba vidogo utakavyovipasua bila kubomoa bonge la udongo.

Kipandikizi kimenyauka kabla ya siku ya tatu

Kipandikizi kilichonyauka mapema hivyo hakijapata ugonjwa wala hakijakosa rutuba. Kimetoa maji mengi kuliko kilichokuwa nayo. Jiulize kilikatwa saa ngapi, kilibaki na majani mangapi, na kiliwekwa wapi, na mojawapo ya majibu hayo litakuwa chanzo.

Kata asubuhi mapema, mmea ukiwa umejaa maji ya usiku. Chagua tawi lisilo na ua wala tumba, kwa sababu ua hula akiba ambayo ingetengeneza mizizi. Kwa haibiskasi, waridi na bogenvilia chukua tawi lenye unene wa penseli ambalo si laini sana wala si la zamani mno, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kwa jerania na kolia, ncha ya sentimita 10 inatosha. Ondoa majani yote ya chini, acha mawili au matatu juu, na kama ni mapana yakate nusu kwa mkasi. Watu huwa na huruma na majani hayo, lakini kila jani unaloliacha ni mdomo unaokunywa kwenye chombo kisichojazwa. Kichomeke kwenye mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na mboji kidogo, kikifunikwa vifundo viwili, kisha ukitilie kifuniko cha kuzuia hewa kavu: chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa kimeondolewa. Kifuniko hicho kikae kwenye kivuli chenye mwanga. Chupa ikiachwa juani inageuka jiko, na jioni utakuta umepika kipandikizi chako. Jerania pekee usiifunike, kwa kuwa huoza upesi; iache ikauke kidonda kwa saa chache, kisha uipande bila kifuniko.

Kuna ushauri mmoja unaopotosha watu wa hapa, na unatoka kwa watu wanaojua kazi yao. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi atakuambia kwamba kipandikizi hakihitaji chupa wala kivuli cha namna hiyo, na kwa mzabibu yuko sahihi. Yeye huchukua fimbo iliyokomaa, yenye vifundo vitatu au vinne, isiyo na jani hata moja. Fimbo isiyo na majani haina pa kupotezea maji. Anayeichukua desturi hiyo na kuitumia kwa haibiskasi yenye majani matano hupoteza vyote ndani ya siku mbili. Ila somo moja la mkulima wa zabibu lishikwe na kila mtu: sehemu ya chini hukatwa kwa mshazari na ya juu hukatwa sawasawa, ili asiyekuwapo wakati wa kukata asikipande kichwa chini. Kilichopindukiwa hivyo hukaa wiki nyingi bila kufa na bila kuota vizuri, na hakuna atakayejua sababu.

Kimechipua majani mapya, halafu kimekufa

Asubuhi moja ya Januari kijana wa jirani alikuja mlangoni na kikopo mkononi.

"Shikamoo mama. Kile kijiti cha bogenvilia ulichonipa kilichipua vizuri, nikakipanda getini, na leo kimelala."

"Marahaba mwanangu. Ulikihamisha lini?"

"Juzi, mama, nilipoona majani."

Tulikiosha udongo pamoja. Chini hapakuwa na mzizi hata mmoja, ila uvimbe mweupe mdogo kwenye kidonda. Hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote kwa upande wa vipandikizi, nami sioni aibu kulirudia kila mahali. Majani mapya si ushahidi wa mizizi. Shina lina wanga uliohifadhiwa, na joto na unyevu vikitosha, macho yake hufumbuka kwa kutumia akiba hiyo, wakati mwingine wiki mbili au tatu kabla ya mzizi wa kwanza. Katika kipindi hicho kipandikizi kiko hatarini kuliko siku ya kwanza, kwa sababu akiba imepungua na majani yanayopoteza maji yameongezeka. Kukihamisha, kukiondolea kifuniko au kukitia mbolea wakati huo ni kukimaliza.

Bogenvilia, waridi na haibiskasi huchukua wiki nne hadi nane kupata mizizi ya kutosha, jerania wiki mbili hadi nne, na kolia huweza kutoa mizizi kwenye glasi ya maji ndani ya wiki moja au mbili. Andika tarehe kwenye kopo. Muda ukifika, kishike shina na ukivute kidogo sana kuelekea juu, kikisita, kimeshika. Au angalia matundu ya chini ya kopo kama kuna mzizi mweupe unaochungulia. Bila moja ya dalili hizo, kiache. Ukishaiona mizizi, legeza kifuniko kidogo kidogo kwa siku saba, na ukihamishe kama unavyohamisha mche wa mbegu.

Vinavyokawia mno husaidiwa na unga wa homoni ya kuotesha mizizi, unaopatikana katika baadhi ya maduka ya pembejeo. Chovya nchani tu na ukung'ute unaozidi, kwani ukizidi huzuia mizizi badala ya kuileta. Asali, ambayo wengi huitumia, haina homoni hiyo.

Sehemu ya chini imekuwa nyeusi na laini

Huo ni uozo, na chanzo chake ni udongo unaoshika maji, kisu kichafu au samadi mbichi. Kipandikizi hakihitaji samadi kabisa hadi kipate mizizi. Futa kisu kwa spiriti au kipitishe motoni kabla ya kukata, na tumia mchanga uliooshwa. Kama weusi haujapanda sana, kata juu yake hadi uone nyama safi, na uanze upya kwenye mchanga mpya.

Mimea yenye utomvu ina kanuni yake. Franjipani na adeniamu, ambayo wengi huiita waridi la jangwani, hazipandwi siku ya kukatwa. Tawi la franjipani lilazwe kivulini penye hewa kwa wiki moja hadi mbili, kidonda kikauke na kufanya gamba, ndipo lichomekwe kwenye mchanga na kumwagiliwa kwa nadra. Kwa adeniamu mimi hupendelea mbegu, kwa sababu mche wa mbegu ndio unaojenga lile shina nene kama chupa ambalo watu huipendea, na kipandikizi mara nyingi hakilifikii umbo hilo. Vaa glavu, na uwaweke watoto mbali: utomvu wa adeniamu ni sumu, na Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huutumia tangu zamani kupaka mishale yao ya kuwindia.

Kipandikizi kimeliwa ndani na kubaki ganda

Mchwa. Hapa kwetu hupenda shina lililo nusu hai kuliko lililo hai. Weka makopo juu ya kichanja ambacho miguu yake imesimama ndani ya mikebe yenye oili chafu, na matandazo makavu yasiguse shina.

Ncha za majani zinaungua na udongo una unga mweupe

Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na kila unapomwagilia maji huondoka hewani na kuiacha chumvi kwenye kopo. Miche na vipandikizi huanza kuonyesha baada ya wiki kadhaa: kingo za majani hukauka, ukuaji husimama, na utando mweupe hujitokeza juu ya udongo. Mtu asiyejua huona unyonge huo na kuongeza mbolea ya dukani, ambayo nayo ni chumvi. Mwagilia maji mengi mara moja kwa wiki hadi yatiririke kwa wingi kupitia matundu ya chini, ili yaisombe chumvi, badala ya kikombe kimoja kila siku. Katika miezi ya mvua kinga maji ya bati kwenye pipa na uyahifadhi kwa ajili ya trei na vipandikizi peke yake, mimea mikubwa iendelee na ya kisima. Bogenvilia na vinka huvumilia zaidi. Waridi huonyesha uchungu mapema.

Limechanua, lakini si ua lile

Mtu hukusanya mbegu kutoka kwenye marigoldi kubwa yenye petali nyingi, husia mwaka unaofuata, na hupata maua madogo ya rangi tofauti tofauti. Mbegu nyingi za dukani ni chotara wa kizazi cha kwanza, na watoto wake hawafanani na mama. Kama pakiti ina alama ya F1, furahia maua yake na ununue tena. Ukitaka kujiwekea mbegu, anza na aina za kawaida za zinia na kosmosi, ukijua kwamba rangi zitachanganyika kwa sababu nyuki hawaheshimu mipaka ya matuta. Unachotaka kifanane na mama kabisa, kichukue kwa kipandikizi: bogenvilia ya rangi fulani, haibiskasi ya petali nyingi, waridi uliloliona uwanjani kwa mtu ukalipenda. Ubaya wake ni kwamba kipandikizi hurithi pia magonjwa ya mama. Kabla ya kupokea tawi geuza jani, angalia maungio, na ukikuta wadudu weupe wenye unga kama pamba, yaani kidung'ata, au magamba madogo ya kahawia yasiyobanduka, likatae kwa upole.

Waridi lina mtego wa ziada. Mengi yanayouzwa yameungwa juu ya shina la waridi jingine lenye mizizi migumu, na shina hilo la chini halijafa. Hutoa machipukizi yake lenyewe, yenye nguvu na majani madogo, na yakiachwa hulimeza waridi ulilonunua hadi siku moja unaona maua membamba meupe au ya waridi hafifu mahali palipokuwa na mekundu. Wengi huyaona machipukizi hayo yenye afya wakayachagua kuwa vipandikizi. Yafuate hadi yalikoanzia, chini ya uvimbe wa pale lilipoungwa, uyabandue yakiwa bado laini, na vipandikizi vyako uvichukue juu ya uvimbe huo, kwenye tawi ambalo umeliona likichanua rangi unayoitaka.